Batli ya Nahodha Hore na Njia ya Mgunda Mkali

Wazee wetu wana neno wasemalo: "Mali bila daftari hupotea bila habari." Neno hili hutajwa sana na wenye maduka, wala si vibaya, lakini mali ya watu si fedha na ng'ombe peke yake. Majina ya waliotutangulia, miaka ya njaa na miaka ya mvua, mipaka ya mashamba na asili ya majina ya vijiji, hayo yote ni mali, na yasipoandikwa hupotea kama fedha za duka lisilo na hesabu. Leo nataka kueleza habari za mtu mmoja aliyekuwa na desturi ya kuandika, na jinsi maandiko yake yalivyopata kuwa hazina ya historia. Tena nataka kueleza jambo kubwa ambalo maandiko hayo hayakulitunza, ambalo sasa ni juu yetu.

Huenda msomaji wa Utemini akashangaa nikisema kwamba mtu huyo alikuwa nahodha. Sisi watu wa Singida tu mbali na bahari. Tuna ziwa Singidani na ziwa Kindai, lakini marikebu hatuna. Hata hivyo nahodha huyu alipita kwa miguu katika nchi ambayo leo ni sehemu ya mkoa wetu, na baadaye chombo cha majini kilipita huko huko, vipande vipande, juu ya vigari vilivyovutwa na watu. Basi habari zake zatuhusu.

Kwanza yafaa tujue desturi ya mabaharia. Kila nahodha mwema huwa na daftari ya safari, na watu wa pwani huiita batli. Humo huandika kila siku upepo ulitoka wapi, chombo kilielekea wapi kwa dira, kina cha maji kilikuwa pima ngapi, nani ameugua, nani amekufa, na bandari gani wamefika. Haandiki kwa kujifurahisha. Huandika kwa sababu kesho mtu mwingine atapita pale pale, na mwamba ulio chini ya maji hauonekani kwa macho. Nahodha asiyeandika huwaachia wenzake mwamba ule ule uvunje vyombo vyao. Tena katika batli tarehe ni jambo la kwanza. Neno lisilo na tarehe halina kazi, kwa maana upepo wa Januari si upepo wa Julai.

Nahodha ninayemsimulia aliitwa Edward Coode Hore, Mwingereza, mwenye cheti cha unahodha wa marikebu za baharini. Mwaka 1877 aliingia katika kazi ya Chama cha Misioni cha London. Tajiri mmoja wa mji wa Leeds, jina lake Robert Arthington, alikuwa ametoa paundi 5,000 ili misioni ianzishwe katika ziwa Tanganyika na chombo kiwekwe majini huko. Kwa hiyo walimhitaji mtu ajuaye vyombo, na Hore akachaguliwa.

Walianza safari kutoka Saadani, pwani inayoelekea Unguja. Shauri lao la kwanza lilikuwa kusafiri kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe, kama ilivyokuwa desturi ya kusini mwa Afrika. Lakini njia ya pwani ilikuwa na mbung'o. Ng'ombe wakafa, na magari yakaachwa. Ndipo ikawapasa kufanya kama misafara yote ya siku zile, yaani kuwaajiri wapagazi. Wakapita Mpwapwa, wakaingia Ugogo, ambako kila mtemi alidai hongo yake ya nguo kabla ya kuruhusu watu wateke maji. Baada ya Ugogo waliingia Mgunda Mkali.

Jina hili watoto wetu wengi hawalijui tena, ingawa nchi yenyewe iko karibu nasi. Mgunda Mkali ulikuwa pori kubwa lililo kati ya Ugogo na Unyamwezi, na sehemu yake kubwa sasa imo katika upande wa Manyoni na Itigi. Burton na Speke walilivuka mwaka 1857, na Stanley mwaka 1871. Wapagazi waliliogopa kwa sababu ya kiu. Vichaka vyake vimesongamana, visima vyake viko mbalimbali, na mtu aliyechelewa nyuma ya msafara aliweza kufa peke yake bila kuonekana. Leo gari la moshi hulipita kwa muda wa saa chache tu, na abiria wengine wamelala usingizi.

Hore na mwenzake J. B. Thomson wakalivuka pori hilo, wakapita katika nchi ya Mirambo, mtemi mwenye nguvu wa Urambo, na tarehe 23 Agosti 1878 wakafika Ujiji. Furaha yao haikudumu. Thomson alikufa tarehe 22 Septemba, kabla mwezi haujatimia. Mwenzao mwingine, Arthur Dodgshun, alifika mwaka uliofuata amedhoofika sana, akaishi siku chache tu, akafa mwezi wa Aprili 1879. Na mwezi wa Julai mwaka huo huo, Dakta Joseph Mullens, katibu mkubwa wa chama chao, aliyetoka London ili kuja kuwatia moyo, akafa karibu na Mpwapwa. Hore na kijana Walter Hutley wakabaki Ujiji, mbali na pwani zaidi ya maili 800.

Mtu mwingine angekata tamaa, au angekaa tu akingoja barua. Hore akafanya kazi aliyofundishwa tangu ujana wake. Alinunua chombo cha kienyeji, akakitengeneza na kukitia matanga, akakiita Calabash, yaani Kibuyu. Kwa chombo hicho akaanza kuzunguka pwani za ziwa, akipima, akichora, akiandika. Ziwa lile lina urefu wa maili 400 na zaidi, na kina chake hufika mita 1,470, wala hakuna ziwa duniani lililo na kina zaidi ila Baikal la nchi ya Urusi. Kamba za kupimia za siku zile hazikuweza kufika chini mahali pa kina kirefu.

Kalamu yake haikukoma kwenye mawimbi. Kila alipotia nanga aliwauliza watu jina la mahali, na mtemi wao ni nani, na wafanya biashara gani. Aliandika habari za chumvi ya Uvinza, samaki wa Ujiji, na mapatano yake na Mwinyi Kheri, mkuu wa Waarabu na Waswahili wa mji ule. Mwaka 1883 maandiko yake juu ya makabila kumi na mawili ya pwani za ziwa yalichapwa Uingereza. Hata konokono wa ziwani aliwaokota na kuwapeleka kwa wataalamu wa London, nao wakaona ajabu, maana baadhi yao walifanana na konokono wa bahari ya chumvi. Mmoja wao aliitwa kwa jina la nahodha, Tiphobia horei, mwaka 1880. Kwa ajili ya konokono hao wataalamu walishindana miaka mingi, wengine wakisema ya kuwa ziwa lilikuwa bahari zamani, mpaka ikathibitika ya kuwa halikuwa bahari. Konokono wake walipata sura hiyo humo humo ziwani.

Lakini jambo moja katika kazi ya Hore lafaa kukumbukwa kuliko yote, nalo ni habari ya mto Lukuga.

Watu walikuwa wameulizana kwa muda mrefu: Je, maji ya Tanganyika hutoka wapi? Mito mingi huingia. Lakini je, upo mto utokao? Mwaka 1874 Cameron, ofisa wa manowari za Kiingereza, alifika penye mto Lukuga katika pwani ya magharibi, akasema, "Maji ya ziwa hutokea hapa." Mwaka 1876 Stanley alikwenda kupaangalia. Akakuta matope na matete yameziba njia, akasema kwamba maji hayatoki bado, ila siku moja yatatoka. Mwaka 1879 Hore akaenda na chombo chake, akaona mto mkubwa wenye nguvu ukitoka ziwani na kushuka kwa kasi kuelekea magharibi.

Haya, msomaji, wewe ungemwamini nani? Watu watatu, mahali pamoja, maneno matatu. Kama tungepata maneno yao kwa mdomo tu, bila miaka, tungesema kwamba wawili ni waongo au wote watatu. Lakini kwa kuwa kila mmoja aliandika tarehe, twajua kwamba wote walisema kweli ya siku yao. Matope na majani yalikuwa yameziba mlango wa mto kwa miaka mingi, na ziwa likajaa na kupanda. Cameron aliona maji yakijipenyeza. Stanley aliona mlango umezibwa. Kisha maji yakashinda, yakaupasua, na Hore akaukuta mto umefunguka. Baada ya hapo ziwa likashuka mwaka hata mwaka, na mahali palipokuwa maji pakawa nchi kavu.

Elimu hii si ya kale tu. Mwaka 2021, na tena mwaka 2024, maji ya Tanganyika yalipanda, yakaingia katika nyumba za watu wa Bujumbura na Uvira na mahali pengine pwani. Wengi walishangaa kana kwamba jambo hilo halijapata kutokea. Lakini limekwisha kutokea, nalo limeandikwa. Hata maziwa yetu ya Singida hujaa na kupungua, kwa sababu hayana mto wa kutoa maji yake. Aliyejenga karibu na maji angepata faida kama angejua maji yalifika wapi siku za babu yake.

Sasa turudi kwenye njia yetu ya Mgunda Mkali. Mwaka 1882 Hore alikuja tena kutoka Ulaya pamoja na mashua ya chuma iitwayo Morning Star, yaani Nyota ya Asubuhi. Ilikuwa imefanywa vipande vipande, na vipande hivyo vikapakiwa juu ya vigari vidogo. Ng'ombe hawakuwezekana kwa ajili ya mbung'o. Kwa hiyo wanadamu wakavivuta toka Saadani mpaka Ujiji, wakipanda milima ya Usagara, wakivuka mchanga wa Ugogo na pori la Mgunda Mkali, na mahali pengine ikawapasa kukata miti kwanza ili vigari vipite. Mwaka 1883 ikaelea ziwani. Mwaka 1884 mkewe, Bibi Annie Hore, alipita na mtoto wao mdogo, akichukuliwa katika kiti kilichofungwa kwenye mti mabegani mwa watu. Wakafika Ujiji mwezi wa Januari 1885. Mwaka huo huo marikebu kubwa zaidi, Good News, iliyoletwa kwa njia ya ziwa Nyasa, ikashushwa majini upande wa kusini wa Tanganyika.

Msaidizi wa Hore, Alfred Swann, aliyekuwa baharia pia, aliandika kitabu chake mwaka 1910. Humo alieleza jinsi, katika safari ile ya 1882, walivyokutana karibu na Mpwapwa na msafara wa Tippu Tip uliokwisha kuvuka Ugogo ukielekea pwani na pembe za ndovu. Aliwaona watu wamefungwa minyororo, na wanawake waliobeba pembe mabegani na watoto mgongoni. Njia ya Mgunda Mkali ndiyo iliyochukua yote mawili siku zile: mashua ya misioni ikienda bara, na watumwa wakienda pwani.

Hapo ndipo nifikapo kwenye upungufu wa batli. Twajua jina la mashua. Twajua jina la mfadhili na idadi ya paundi zake. Twajua jina la kila Mzungu aliyekufa, na tarehe yake. Lakini watu walioivuta Morning Star katika pori lile, nani ajuaye majina yao? Wanyampara wachache hutajwa. Wengine wote huhesabiwa tu, kama ilivyo katika vitabu vingi vya wasafiri wa wakati ule: wapagazi mia, wapagazi mia mbili. Na yule mwanamke mwenye pembe begani na mtoto mgongoni hana jina hata moja. Simlaumu nahodha kwa chuki. Yeye aliandika aliyoyaona kwa macho ya mgeni, na bila yeye tungejua machache zaidi. Lakini mgeni haandiki yote. Mambo ya nyumba huandikwa na mwenye nyumba.

Wala tusiseme kwamba watu weusi wa siku zile hawakuweza kuandika. Livingstone alipokufa mwaka 1873, waliochukua mwili wake na madaftari yake mpaka Bagamoyo walikuwa Susi na Chuma na wenzao. Mmoja wao, Jacob Wainwright, aliyepata elimu huko Nasik katika Bara Hindi, alichora jina la bwana wao na tarehe katika mti, naye mwenyewe akaandika daftari ya safari hiyo. Daftari hiyo ipo mpaka leo, na wataalamu huisoma kwa makini kwa sababu yeye alikuwapo. Tippu Tip naye, aliyekuwa mfanyi biashara wa pembe na watumwa, aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili, nazo zikachapwa mwanzoni mwa karne ya 20. Matendo yake hatuyasifu. Lakini kwa kuwa aliyaandika, twaweza kuyapima.

Tazama tena nguvu ya neno lililoandikwa. Mwaka 1867 Livingstone alifika ncha ya kusini ya ziwa, akasikia wenyeji wakiliita Liemba, akaliandika jina hilo. Miaka mingi ikapita. Mwaka 1913 Wajerumani walijenga meli huko Papenburg, wakaiita Graf von Götzen, wakaifungua vipande, nayo ikapita Manyoni na Itigi kwa gari la moshi mpaka Kigoma. Ikashushwa majini mwaka 1915. Mwaka 1916, katika Vita Kuu, wenyewe wakaizamisha isitekwe, lakini kwanza wakazipaka mashine zake mafuta mazito. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, na ilipoanza kazi tena mwaka 1927 ilipewa jina jipya: Liemba. Jina la wavuvi wasiojulikana limekaa ubavuni mwa meli, kwa sababu lilipata kuandikwa siku moja.

Hore aliondoka ziwani mwaka 1888, na kitabu chake kilitoka mwaka 1892. Maandiko yake mengine yakakaa katika makabati ya chama chake, mpaka mwaka 1971 yakachapwa huko London. Karatasi za chama hicho zimewekwa katika chuo cha SOAS, London. Basi mtu wa Ujiji atakaye kujua maji yalifika wapi siku za babu zake yampasa kutafuta habari Uingereza.

Je, mtu wa Utemini ataenda wapi? Jina la mahali petu lenyewe latukumbusha watemi, lakini waulizeni vijana wangapi wajua kuwataja watemi hao kwa utaratibu. Katika miaka ya 1970 watu wengi wa nchi yetu walihamishwa kuingia vijiji vya ujamaa. Wakaacha mahame, visima na makaburi ya wazee wao. Waliohamishwa wakiwa watu wazima wanazidi kupungua kila mwaka. Wakiisha, nani ataonyesha kaburi la nani liko wapi, au shamba la nani liliishia kwenye mti gani? Kesi ngapi za mashamba husimama barazani bila kuamuliwa, kwa sababu shahidi mmoja asema hivi na wa pili asema vile, wala hapana tarehe ya kuwapatanisha kama walivyopatanishwa Cameron, Stanley na Hore?

Kwa hiyo natoa shauri. Kila nyumba yenye mtoto ajuaye kusoma na iwe na batli yake. Daftari ya shule yatosha. Andikeni jina la mzee asimuliaye, kijiji chake, na tarehe ya kusimulia. Alichokiona mwenyewe kiandikwe mbali na alichosikia kwa wengine, kama nahodha atengavyo kina alichopima na kina alichoambiwa. Asipojua mwaka, muulizeni jambo linalojulikana: alikuwa na umri gani wakati wa uhuru, mwaka 1961? Alikwisha kuoa walipohamia kijijini? Jirani zetu Wagogo waliita njaa kuu ya miaka ya 1916 hadi 1920 Mtunya, na kwa jina hilo waliweza kuhesabu umri wa watu wao. Nanyi andikeni majina ya njaa zenu, na mwaka wa kila moja.

Andikeni na majina ya wanawake, maana hao ndio husahauliwa upesi: nani alikuwa mkunga, nani alijua dawa, nani alifinyanga vyungu, nani aliwalisha watu mwaka wa njaa. Daftari ikijaa, inakiliwe mara mbili, nakala moja ikae nyumbani ndani ya sanduku lisiloingiliwa na mchwa, na ya pili ipelekwe shuleni.

Nahodha Hore hakuwa mtaalamu wa historia. Alikuwa baharia aliyeandika kila jioni kabla ya kulala, hata baada ya kuwazika wenzake. Kazi kama hiyo yaweza kufanywa na mtoto wa darasa la tano, akiwa na kalamu, taa, na bibi aliye tayari kusimulia. Bibi huyo yupo leo. Mwulizeni wiki hii.